Petroli ya Mashavu

"Uliyoniuzia si petroli, Mashavu. Ni mafuta ya taa umeyavalisha shati la petroli."

"Jina langu kwanza. Jana asubuhi ulipokuja kuchukua lita kumi nilikuwa Mama Ikram. Leo gari limekohoa, nimekuwa Mashavu kama mtoto uliyemzaa wewe."

"Halijakohoa. Limekufa mlimani na watu kumi ndani."

"Basi kazike huko. Usije kuchimba kaburi mbele ya meza yangu."

Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu. Kibwana alikuwa ametembea kwa miguu kutoka mlimani, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, na safari nzima alikuwa akipanga maneno ya kusema. Sasa watu wanamcheka yeye. Akaegemea ile meza ya mbao iliyopangwa chupa za maji zilizojazwa petroli, akainua sauti ili hata waliokuwa kisimani wasikie.

Noah yake ndiyo iliyokuwa ikiwatoa watu wa Kwaluguru kwenda Handeni mjini na Korogwe. Siku hiyo ilikuwa imebeba watu wa arusi. Ilipoanza kupanda mlima ikagonga kifuani kama mtu anayepiga mlango kwa funguo, ikatetemeka, ikaishiwa nguvu, ikazima. Abiria walishuka wakasukuma. Hata Ustadhi Hiza, aliyetakiwa kufungisha ndoa, alisukuma bure na kanzu yake nyeupe, akafika arusini kwa miguu ana rangi ya tofali.

"Kama petroli yangu mbovu," Mashavu alisema, "bodaboda wote hapa wanajaza kwangu. Mbona pikipiki zao hazigongi?"

"Pikipiki inakunywa chochote, haina akili. Gari langu lina kompyuta. Kompyuta haidanganywi."

"Na mafuta ya taa siku hizi bei yake na petroli karibu moja. Nichanganye nipate nini, harufu?"

Twaha, dereva wa bodaboda aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake mguu mmoja huku mwingine kule, akachana karatasi ya daftari, akadondoshea petroli kutoka kwenye chupa ya mbele. Watu wakainama. Karatasi ikalowa, ikakauka, haikubaki hata alama. "Safi," akasema. "Ingekuwa na taa, ingeacha doa la mafuta."

"Hiyo chupa ya mbele ni ya maonyesho," mtu mmoja akadakia kutoka nyuma, na wengine wakaitikia, kwa sababu lilikuwa jambo tamu kusikia.

"Nakwenda kwa mtendaji wa kata," Kibwana alisema. "Aje na mgambo wabebe chupa zote hizi. Mwizi wewe."

Hapo hakucheka mtu. Mashavu alikuwa na kitambaa mkononi cha kufutia faneli. Alikikunja mara mbili, akakiweka juu ya meza, akakaa.

Ua wa nyumba yake na ua wa nyumba ya Kibwana ulikuwa mmoja. Upande wa pili wa fito, Husna, mke wa Kibwana, alikuwa amesimama akisikiliza yote, kichwa chake kimesukwa nusu. Nusu ya kushoto Mashavu alikuwa ameimaliza jana yake jioni. Nusu ya kulia ilikuwa isukwe leo.

*

Mtendaji hakuwa mtu wa haraka. Alimsikiliza Kibwana, akamwita Mashavu akamsikiliza na yeye, kisha akasema: gari lipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta, na Ijumaa aletewe jibu. Fundi akisema mafuta yamechanganywa, chupa zitabebwa na meza itavunjwa. Akisema hapana, hapana.

Kusubiri Ijumaa kulikuwa kubaya kuliko matusi. Bodaboda wakaanza kwenda kujaza kwa muuza petroli mwenzake wa njia panda. Mnyororo wa mtu ukikatika, petroli ya Mashavu. Plagi ikiota masizi, petroli ya Mashavu. Twaha mwenyewe, aliyemtetea kwa karatasi, alipopata pancha alisema labda ile petroli imeshuka mpaka kwenye tairi, na watu walicheka siku nzima. Alisema kwa mzaha tu. Lakini kesho yake na yeye akapita mezani bila kusimama, anaangalia mbele kama mtu anayewahi hospitali.

Meza ile ndiyo iliyomweka Ikram shuleni Korogwe, bweni. Shamba la Sabiri, mumewe, lilitoa mahindi ya kula na machache ya kuuza, mvua ikiwa na huruma. Vingine vyote, sare, sabuni, nauli ya likizo, vilitoka ndani ya chupa.

Jumatano mchana walikuwa wakila, Mashavu na Sabiri, ugali na kunde. Sabiri alikuwa mtu mpole, mwenye kuzungusha tonge mkononi muda mrefu kabla ya kusema. Siku hiyo alilizungusha mpaka likapoa.

"Lakini, Mama Ikram," akasema, "hakuna hata kidogo? Sisemi wewe. Labda yule anayekuletea madumu kutoka sheli ya Handeni. Labda dumu lilikuwa na masalia."

"Madumu nayaosha mimi. Unaniona nayaosha."

"Nakuona."

"Basi unauliza nini?"

"Nauliza tu. Watu wakiniuliza shambani, nijue la kusema."

Mashavu alimtazama. Kibwana alimwita mwizi mbele ya watu arobaini na hakulia. Sasa macho yakamwuma. Alinyanyua bakuli lake la kunde akaenda kumalizia jikoni, akamwacha Sabiri na tonge lake.

*

Alhamisi asubuhi Kibwana alitoka nje akamkuta Mashavu amekaa kwenye kiti cha mbele cha Noah, mkoba mapajani, khanga mpya.

"Hilo gari halipakii leo. Linakwenda kwa fundi."

"Ndiyo maana nimepanda. Nakwenda kumsikia fundi kwa masikio yangu. Nauli nitalipa."

"Shuka, mama."

"Mchukue, Baba Ukasha," Husna akasema kutoka mlangoni. Alikuwa amejitanda khanga mpaka kwenye nyusi. Siku ya tatu sasa anatembea na nusu kichwa. "Na mimi nakwenda. Nimechoka kuishi katikati ya kimya chenu."

Wakaenda watatu. Tambarare gari lilikwenda, likichechemea kidogo. Mlimani likaanza tena kugonga, likashindwa. Husna akashuka. Mashavu naye akashuka, akavua viatu, akaviweka vizuri kwenye kiti, akaenda nyuma. Hakuna aliyemwomba. Alisukuma gari la mtu aliyemwita mwizi mpaka juu, bega lake na bega la Husna pamoja, na walipofika kileleni Husna akasema taratibu, "Shoga, nisamehe." Mashavu akafuta jasho. "Wewe hujanikosea. Funga vizuri hiyo khanga, nusu inaonekana."

*

Gereji ya fundi Laurenti ilikuwa Ngombezi, karibu na Korogwe, nyuma ya layini, zile nyumba za zamani za wakata mkonge. Babu yake aliletwa pale kutoka Tabora kukata mkonge, akafia pale, na mjukuu alibaki Mnyamwezi kwa mambo mawili: jina la ukoo, na utani na Wazigua.

"Wazigua wangu hawa," alisema akifuta mikono. "Mmeniletea gari au jeneza?"

"Mtani, acha," Kibwana alisema. "Pima tu useme ukweli. Huyu mama anauza petroli imechanganywa na taa."

"Fundi, shikamoo nisikupe maana umri wetu mmoja," Mashavu alisema. "Nakuomba kitu kimoja. Usiniogope, na huyu usimwogope. Sema utakachokiona."

Laurenti alimwangalia vizuri, akaacha mzaha. Kwanza alinyonya petroli kutoka ndani ya tangi lenyewe, akaijaza kwenye chupa nyeupe, akaiinua juani. Akanusa. Akasugua kati ya vidole. Akadondosha kwenye karatasi, wakangoja wote wanne. Karatasi ikakauka.

"Hii ni petroli. Haina taa, haina maji." Akairudisha tangini yote. "Na tutapimia hii hii, asije mtu akasema nimebadilisha."

Laurenti akachomeka waya wa mashine yake chini ya usukani, kioo kikawaka, namba zikaanza kucheza. Akamwambia Kibwana akanyage mafuta, aachie, akanyage tena. Yeye alikuwa anaangalia mstari mmoja tu, unaopanda na kushuka.

"Huku kwenye bomba la moshi kuna sensa," alieleza. "Kazi yake kunusa moshi na kuiambia kompyuta: petroli imezidi, punguza; petroli imepungua, ongeza. Sasa ona. Ukikanyaga, anasema hivi. Ukiachia, anasema hivi hivi. Huyu hasikii injini. Kuna mtu anamsemea."

Akalala chali sakafuni mwa gari, tochi mdomoni, akafungua kifuniko cha chini ya dashibodi. Alivuta waya, akavuta tena. Mwisho wake kulikuwa na kisanduku cheusi cha ukubwa wa sabuni ya kufulia, kimefungwa utepe. Pembeni yake kingine, kidogo zaidi.

Akatoka. Akaenda nyuma ya gari, akainua zulia.

"Mtani, mtungi uko wapi?"

"Mtungi gani?"

"Kuna matundu manne ya bolti hapa, na mtu ameyapaka rangi ya mlango wa choo."

"Baba Ukasha," Husna akasema, "mtungi gani?"

Kibwana alipangusa uso. "Gari nililinunua linatumia gesi," akasema mwishowe. "Huko Dar es Salaam lilikuwa teksi. Huku kwetu gesi ya gari hakuna. Mtungi umekalia nafasi ya magunia mawili ya mahindi, wa kazi gani? Nikampa mchomeleaji Handeni autoe, miezi miwili sasa."

"Autoe na nini?"

"Na mabomba yake."

"Na ubongo wake akauacha." Laurenti alivinyanyua vile visanduku viwili kama mtu anayeonyesha panya aliowanasa. "Sikiliza, mtani. Gesi na petroli hazipikwi sawa. Kilo moja ya petroli, injini inataka hewa kilo kumi na nne na kitu, karibu kumi na tano. Kilo moja ya gesi inataka hewa kilo kumi na saba."

"Hewa ina kilo?" Mashavu aliuliza.

"Ina kilo, mama. Ni nyepesi tu, haionekani kwenye mizani ya sokoni."

Mashavu alifikiri kidogo. "Kama mchele. Wa zamani unakunywa maji mengi. Mpya ukiutilia maji yale yale unakuwa uji. Lazima mpishi ajue anapika upi."

"Hapo hapo. Kompyuta ndiye mpishi. Hiki kisanduku kinakaa mlangoni mwa jiko, kila siku kinamwambia yasiyokuwamo sufuriani. Kiliwekwa ili gari likiwa kwenye gesi, kompyuta isihangaike. Sasa gesi haipo, chenyewe bado kinasema: imezidi, punguza. Anapunguza petroli kidogo kidogo, siku kwa siku, mpaka injini inavuta hewa tupu. Na hiki kidogo kinawahisha cheche, kwa sababu gesi inawaka polepole, lazima iwahiwe. Petroli ukiiwahi hivyo, na mzigo, na mlima, inalipuka kabla ya wakati. Ndiyo huko kugonga. Ungeendelea mwezi mmoja, ungekuja kununua injini."

"Mimi nilisema kompyuta haidanganywi," Kibwana alisema, karibu kwa kujisemea mwenyewe.

"Inadanganywa kuliko mimi na wewe. Haina macho, ina waya."

Kazi ilichukua mpaka adhuhuri. Laurenti alitoa visanduku vyote viwili, akaunganisha waya za sensa na za cheche kama zilivyotoka kiwandani, akaziviringisha utepe, kisha akafuta mazoea ya kompyuta kwa mashine yake. Miezi miwili, alisema, imejifunza uongo, ianze upya. Gari liendesheni taratibu siku mbili tatu, kompyuta itajua yenyewe kipimo chake. Wakapanda wote wanne, gari likapelekwa kwenye mwinuko wa barabara ya shambani, kati ya mkonge. Likapanda. Halikugonga. Mashavu alikaa kiti cha nyuma safari hii, anaangalia mkonge unavyopita dirishani, maana angefungua mdomo angelia, na hakutaka kulia ndani ya gari lile.

Waliporudi, Kibwana alinunua soda nne. Moja akampa Mashavu kwa mikono miwili.

"Basi, Mama Ikram. Nimekosa. Yaishe."

Mashavu aliipokea soda, hakuinywa. "Nimekusikia. Lakini mwizi uliniita Kwaluguru. Hapa amesikia Laurenti na mke wako, na hao hawakuniita kitu."

"Mtani," Laurenti akadakia, "faini ya utani ningekudai kuku. Leo nakusamehe kuku. Ule mdomo ulioutumia kule, rudi nao kule kule."

*

Ijumaa baada ya swala Kibwana alikwenda kwanza kwa mtendaji, akatoa jibu la fundi na visanduku viwili mkononi. Mtendaji alivigeuza geuza, akasema hapana ni hapana, jambo limefungwa. Kisha Kibwana akasimama mbele ya meza ya Mashavu, mahali pale pale, akakohoa.

Walikuja watu wanne. Watoto wawili waliotumwa chumvi, Twaha aliyekuwa amekuja kujaza lita mbili huku akiona haya, na Bibi Chausiku, ambaye masikio yake yaliacha kazi zamani.

"Nimekuja kumwomba radhi Mama Ikram," Kibwana alisema. "Petroli yake safi. Kosa lilikuwa la gari langu, na gari ni mimi niliyeliharibu."

"Anasema nini?" Bibi Chausiku akauliza.

"Anaomba radhi, bibi," Twaha akamsogelea sikioni.

"Kafiwa?"

Mashavu alingoja mpaka Twaha amalize kueleza. "Siku ile walikuwa arobaini," akasema. "Hawa wanne, na mmoja hasikii. Baba Ukasha, nitafanya nini na radhi ya watu wanne? Jumatatu nikifungua meza, wale thelathini na sita wataniita nani?"

Kibwana alitazama barabara. Watu walikuwa majumbani, mashambani, mnadani. Ugomvi uliwaleta mbio wameshika miiko mikononi. Radhi haikumtoa mtu nyumbani. Aliona hivyo, na Mashavu aliona kwamba ameona.

Kibwana akashika visanduku vyake, akaanza na nyumba ya kwanza.

Alikwenda mlango kwa mlango. Kwa Ustadhi Hiza alikaribishwa, akaulizwa habari ya gesi kwa urefu, akatoka baada ya nusu saa, na lile suala la kanzu lilikumbushwa mara mbili. Kwa yule aliyesema chupa ya mbele ni ya maonyesho alipokelewa na mtu anayeapa kwamba yeye siku hiyo hakuwapo. Nyumba nyingine waliwaita hata majirani waje wasikie, wakamrudisha mwanzo, wakataka aonyeshe kisanduku kinavyosema uongo. Wanawake waliokuwa wakipepeta mahindi walimuuliza ni kweli mkewe hakujua habari ya mtungi. Akasema ni kweli. Wakatazamana, na akajua hilo nalo litalala Kwaluguru muda mrefu. Kufikia nyumba ya sita alikuwa ameacha kusema kilo za hewa. Anasema mchele wa zamani na mchele mpya, na watu wanaelewa mara moja.

Aliruka moja tu, ya mtu aliyesafiri, akaahidi kurudi.

Jioni, Husna akiwa amekaa chini kwenye kigoda nyuma ya jiko la Mashavu, nusu ya pili ya kichwa imemalizwa, Kibwana alitokeza uani. Shati limegandana mgongoni. Sabiri alikuwa kizingitini ananoa jembe, jembe lile lile alilokuwa akilinoa tangu saa tisa.

"Nimemaliza," Kibwana alisema. "Nyumba thelathini na moja. Jumatatu nitakwenda kwa bodaboda, kijiweni kwao."

"Bado moja," Mashavu alisema kutoka mlangoni.

"Ipi?"

"Hii." Hakunyoosha kidole. Alimtazama Sabiri tu. "Mwambie na huyu. Hata yeye alikuwa hajui."

Kibwana aliinamia visanduku vyake. Kuomba radhi kwa mume wa mtu, mbele ya mke wake mwenyewe na mke wa mtu, katika nyumba zote thelathini na moja hakukuwa na kugumu kama huku. Lakini aliyekuwa ameinama zaidi ni Sabiri. Jembe limesimama, mkono umesimama.

"Jirani," Kibwana alisema. "Petroli ya mkeo haikuwa na kitu. Haijawahi kuwa na kitu. Mimi ndiye niliyesema uongo juu yake."

Sabiri aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, bila kumtazama jirani, akimtazama mkewe, "Mimi sikuwa wa kuambiwa. Nakuona ukiyaosha madumu kila siku, halafu ningoje watu waniambie? Nimekosa, Mama Ikram."

Mashavu aliingia ndani, wakasikia mfuniko wa sufuria ukifunuliwa, mwiko ukigonga ukingo, mkeka ukitandikwa. Husna aliinuka akamfuata kumsaidia. Wanaume wawili walibaki uani, mmoja na jembe, mwingine na visanduku vyake viwili.

Mashavu alirudi na birika la maji na beseni. Akamwagia Kibwana maji mikononi, taratibu, mpaka vidole viwe safi. Akamwagia Sabiri.

"Sijasema nimesahau," alisema. "Viacheni hivyo vyuma hapo nje, muingie ndani mle chakula."